Nilivyosafisha Filimbi za Okestra

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena mbele ya mke wangu.

Kwa msionijua, mimi ni Opolot, askari magereza mstaafu wa Mbale. Kazini nilikuwa napuliza tarumbeta kwenye bendi (bendi, siyo selo, msinichanganye). Tangu nistaafu, kila Jumamosi naenda Jinja kwa Madam Nangobi. Huyu mama ana okestra inayopiga ala za milima ya Andes tu, zile za Amerika ya Kusini: vigitaa vidogo, ngoma, na filimbi za matete yaliyofungwa pamoja, chini yamezibwa. Hizo filimbi nimezipenda sana. Mke wangu anasema nazishika vizuri kuliko ninavyomshika yeye.

Leo tulikuwa na onyesho, na kwangu ulikuwa mtihani. Madam aliniambia wazi: "Afande, leo tunakuangalia. Ukipiga vizuri, uko na sisi. Ukiharibu, Mbale si mbali."

Basi nikafika mapema. Wenzangu walikuwa nje wanakunywa chai. Filimbi zote ziko mezani. Nikainua moja, nikasikia kacha-kacha. Nikaiinamisha. Ikatoka punje ya mahindi! Nyingine ikatoa maharage. Nikasema, banange, panya wamefanya ghala humu!

Sasa nyinyi hamjui bendi ya magereza. Kule chombo kikikutwa kichafu siku ya ukaguzi, unaruka kichura mpaka magoti yalie. Nikavua koti. Nikakung'uta filimbi zote, moja baada ya nyingine, nikazifuta kwa kitambaa, nikazipanga kama gwaride. Punje nikawatupia kuku wa jirani. Nilijisikia vizuri sana, nasema ukweli.

Watu wakajaa. Mke wangu mstari wa mbele, na gauni lake la kanisani. Nyuma kabisa wamekaa wazee wenzangu wa bendi, niliowaalika mwenyewe (nani alinituma?).

Madam akainua mkono. Tukapuliza.

Wee! Sauti iliyotoka ni ya mbuzi waliosahauliwa juani. Kila mtu na noti yake. Madam akasimamisha. Akachukua filimbi yake, akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Akatikisa ya mpigaji wa pembeni yake. Kimya.

"Nani ametoa mahindi?"

Mimi bado nilidhani napongezwa. Miguu ikajipiga yenyewe, pa! Nikasimama wima, kifua mbele, nikajibu kwa sauti ya uwanjani:

"Mimi, Afande! Nimesafisha zote!"

Madam akafumba macho. Halafu, kwa upole ulioniua kabisa, akawaeleza watu: "Hizo punje tunaziweka sisi kabla ya kila onyesho. Ndizo zinazoweka sauti sawa. Bila punje, sauti inashuka." Akanigeukia. "Afande, ziko wapi?"

"Zimeliwa, Madam."

"Na nani?"

"Na kuku."

Ukumbi ukapasuka. Wazee wa bendi walikuwa wanapigana mabega, mmoja kofia imeanguka. Mke wangu akajifunika uso kwa mkoba. Mimi nilitamani hata selo.

Nikatumwa kwa yule jirani kuomba mahindi. Akanipa, akacheka, akaniita nirudi dirishani kwake ili anicheke tena. Tukakaa jukwaani tunatia punje, tunapuliza, tunatoa, tunatia. Watu walingoja, bambi, maskini, hakuna aliyeondoka. Halafu tukapiga, na nawaambia, ilikuwa tamu. Nilipuliza kama mtu anayeomba msamaha.

Mwisho Madam akaniita pembeni. Naiona Mbale inanisubiri.

"Umepiga vizuri, Afande. Uko na sisi. Lakini filimbi zangu hutazigusa tena. Nakupa ngoma."

Nilifurahi mpaka nikapiga saluti. Kwa hiyo naomba mtu asinicheke, mimi sasa ni mwanaokestra kamili. Ile ngoma imewambwa ngozi ya kondoo, na manyoya yake yote yapo. Kabla sijanyoosha hata mkono, Madam akasema:

"Afande, usiyanyoe."