Gauni la Shemeji na Uzi wa Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu bado yuko kwa mama yake. Leo kaka yake amekuja dukani kunisomea masharti. Gauni la harusi la mdogo wao liwe tayari Ijumaa. Nikilimaliza, mke wangu atarudi. Nisipolimaliza, nisijisumbue kumfuata. Eti amechoka kuishi na fundi anayeanza kila kitu na hamalizi chochote. Uonevu mtupu! Gauni limebaki mikono tu. Na mgongo. Na kifua.

Mchana nilijificha nyuma ya duka, maana mwalimu wa baiolojia alikuja kudai suruali yake. Ndipo nikaona. Kati ya tangi la maji na nguzo ya kamba ya nguo, utando mpana kama shuka. Katikati ametulia buibui jike, mrefu kama kidole, miguu ina pete za njano. Jua likapiga. Nyuzi zote dhahabu! Nitadarizi kifua cha gauni kwa uzi huo. Mke wangu atalia kwa furaha. Na fundi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Mnoko kwa sababu anatimiza ahadi, atakosa usingizi.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka vichakani, nimekamata majike wanne. Nimewaweka kwenye katoni moja wasione upweke. Nalala roho kwatu.

Jumatano, 5 Machi

Katoni ina buibui mmoja. Kanenepa. Wengine wamebaki miguu.

Mwalimu (suruali bado) kacheka hadi kashika meza. Kasema kila jike huishi kwenye utando wake, na mwenzake akisogea ni chakula. Si angesema jana!

Huyu mmoja nimempa jina Bi Mkubwa. Nikamshika kiuno kwa adabu, nikavuta uzi, nikaufunga kwenye bobini, nikaanza kukanyaga cherehani. Akaniuma kidole gumba. Uzi mwembamba mno, ncha ikapotea, nikaitafuta hadi macho yakavimba. Kazi ya kutwa nzima haitoshi hata tundu la kifungo. Nimechoka. Nimemwachia chumba cha kupimia nguo, afume mwenyewe.

Gauni sijaligusa. Nimekaa nalo mapajani, nimemkumbuka mke wangu. Inauma.

Alhamisi, 6 Machi

Kafuma kweli, ukuta hadi ukuta. Mteja wangu pekee wa wiki kaingia kupima, utando ukamnasa usoni. Mayowe! Kakimbilia kwa Mnoko, kitambaa mkononi.

Halafu nikaona vijibuibui vyekundu vimejibanza pembeni mwa utando. Wezi! Nikavimaliza kwa kandambili. Mwalimu (suruali bado) akaja, akashika kichwa. Kasema wale walikuwa waume zake. Wamefuata harufu ya jike, ndivyo walivyoumbwa, wadogo hivyo. Dume hukaa pembeni siku nzima, hangoji kingine ila jike ashughulike na chakula, ndipo amsogelee. Akikosea saa, analiwa.

Nikakaa chini. Maisha hayo nayajua. Nimewaua wenzangu kwa kandambili.

Jioni utando nusu haupo. Bi Mkubwa huumeza uzi uliochakaa, kisha anafuma mpya. Dhahabu yangu yote kala! Nalia kama mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja asubuhi. Kauliza gauni. Nikamwonyesha bobini. Hakuona kitu. Kakunja gauni, kavuka barabara, kaingia kwa Mnoko. Nimeona yote dirishani. Basi, nimekwisha.

Alasiri, chini ya jani nyuma ya tangi, nikakuta donge la nyuzi za dhahabu, zimeviringwa vizuri kabisa. Mungu hamtupi fundi wake! Kuna mtu ameshanisokotea. Nimelitundika dirishani lipate jua.

Jumapili, 9 Machi

Harusi ilikuwa jana. Gauni lilipendeza, sina la kusema. Nilikaa mstari wa nyuma. Mnoko alipigiwa makofi.

Leo mke wangu kaja dukani, peke yake. Sikutegemea. Hakufoka. Kasema gauni halikuwa neno, alitaka tu kuniona nikimaliza kitu kimoja. Akaweka blauzi yake mezani, imefumuka kwapani. Kasema nikiishona sasa hivi, akiwepo, kwa uzi wa kawaida, anakwenda kuchukua begi lake.

Nikatia uzi kwenye sindano. Jaribio la kwanza tu, ukapita! Akatabasamu.

Mara donge likapasuka. Kumbe mayai! Vitoto vidogo kama punje za ufuta, mamia, vikapanda pazia, kila kimoja kikainua kitako, kikarusha uzi, upepo ukakibeba nje. Mke wangu akacheka, akanishika mkono. Kasema viache viende.

Haki ya Mungu nilitaka kukaa nishone. Nilimwomba dakika moja tu nifunge dirisha. Na lile la pili. Na tundu la juu ya mlango, kwa tambara.

Niliposhuka kwenye stuli, hayupo. Blauzi haipo.

Nimezuia vitoto kumi na viwili. Kwa kuanzia, si haba.