Kompyuta Itakayomshinda Eustache

Jumatatu, 19 Julai 1993

Daftari jipya! Naandika kwa Kiswahili nilichokua nacho Bujumbura, maana mke wangu Illuminée anasoma Kinyarwanda na Kifaransa tu, na mambo haya hayamhusu kwa sasa. Mungu anajua si kumficha. Ni kumpumzisha.

Jana baada ya misa Padri Silvère alitangaza. Nyimbo za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria zitachapwa kijitabu kizuri, na ofisi itakayokichapa ndiyo itakayopewa kazi zote za parokia kuanzia hapo. Ataamua Jumapili ya tarehe nane, akishaona mashine na ukurasa wa mfano. Mashine! Miaka yote nyimbo hizo nazichapa mimi, kwa taipureta na stensili, kisha nazungusha nakala kwenye roneo, mashine ya kunakilia, kwa mkono wangu huu.

Eustache, mwenye ofisi ya kuchapa ng'ambo ya barabara, aligeuka kwenye benchi akanitabasamia. Anayo kompyuta. Binamu yake amemletea nzima kutoka Brussels. Ananiita Mzee wa Stensili mbele ya wateja, na yeye ndiye aliyenizidi umri!

Nikikosa kazi ya parokia, nafunga ofisi. Hakuna njia nyingine. Kaka yake Illuminée ameshaniwekea kiti kwenye ghala lake la saruji hapa Kigali, pale Sonatubes. Kazi yenyewe: kulinda mifuko na kupiga chafya. Sitaki!

Nimeamua. Kompyuta sinunui. Nitaiunda mwenyewe, kipuri kwa kipuri, na kila kipuri kitakuwa kikubwa kuliko cha Eustache.

Jumanne, 20 Julai

Nimekwenda kwa Niyongabo, fundi Mrundi wa redio na televisheni. Kompyuta pia amezisomea. Nikamwambia nataka kilicho bora katika kila kitu. Akauliza, ya kufanyia nini? Nikasema ya kumshinda Eustache. Akasema kipimo hicho hakimo katika ufundi, lakini tutajaribu.

Amenieleza kwa subira ya katekista. Prosesa ni ubongo. Bodi kuu ni mwili, vyote vinachomekwa humo. Diski ni ghala. Memori ni meza: ikiwa ndogo, ubongo unakosa pa kutandaza karatasi zake. Basi, patron, bosi wangu, akasema, mfuko wako hautafika kila mahali, tia nguvu kwenye memori, sanduku la nje chukua lolote. Sanduku ni bati tu.

Bati tu! Kompyuta ya Eustache imelala mezani kama mgonjwa. Yangu itasimama. Kuna sanduku refu, linafika kiunoni, wanaliita mnara. Mnara! Parokia gani itaukataa mnara? Memori nimechagua ndogo kuliko zote. Nyimbo zote ninazo kichwani. Mashine ikisahau, nitaikumbusha.

Skrini nimechagua ya rangi, inchi kumi na saba. Niyongabo amesema hiyo ni ya wachora ramani za majumba. Nikamjibu kwamba hata mbinguni kuna makao mengi. Akaandika inchi kumi na saba. Nadhani nilimgusa.

Alhamisi, 22 Julai

Shida kubwa. Prosesa huuzwa kwa namba. Iko ya thelathini na tatu, umri wa Bwana wetu msalabani. Nzuri sana, lakini ndiyo aliyo nayo Eustache. Kubwa kuliko zote ni ya sitini na sita. Sita mbili! Ikiongezwa sita moja tu, tumeshaingia kwenye Ufunuo. Niyongabo ameapa kwamba ni kasi tu. Nikamuuliza ni nani aliyeipanga kasi hiyo. Hajui. Ndiyo maana mimi naogopa.

Zephaniah, Msabato anayefuata mitumba Nairobi kwa kupitia mpaka wa Rusumo, ndiye atakayeniletea vipuri. Nimemfungulia moyo wangu. Amecheka mpaka akashika mlango. Mzee wangu, akasema, sitini na sita ndiyo idadi ya vitabu vya Biblia, nunua kwa amani! Nusura nimkumbatie. Nimefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani, nikakumbuka: hiyo ni Biblia yake! Yetu sisi Wakatoliki ina vitabu sabini na vitatu.

Nimerudi mbio kwa Niyongabo kuuliza kama ipo prosesa ya sabini na tatu. Haipo.

Nimesali rozari nzima. Jibu limekuja kwenye fumbo la nne. Nichukue ya sitini na sita, na vile vitabu saba vilivyopungua niwe navisoma mwenyewe, kwa sauti, karibu na mashine. Nitaanza na Tobiti.

Jumamosi, 24 Julai

Vipuri haviji kwa rozari peke yake. Leo nimeuza roneo. Mnunuzi ni bwana mpole mwenye kofia ya majani, hakubishana hata kidogo. Amesema ni kwa ajili ya shule fulani.

Illuminée ameona nafasi tupu ofisini, ikabidi nimwambie yote. Hakufoka. Aliuliza tu, Baba Natacha, bila roneo nakala za watu wote zitatoka wapi? Nikamweleza kwamba kompyuta ina printa. Akauliza, printa inatoa karatasi ngapi kwa mara moja? Moja, nikasema, lakini nzuri. Akachukua sindano na uzi mweupe. Anaifumia kompyuta kitambaa cha kuifunika, kama kile cha redio. Mke mwema ni zawadi, hata akiwa na maswali.

Jumapili, 25 Julai

Roneo yangu iko kwa Eustache! Nimeiona kupitia dirisha lake wakati narudi kutoka misa. Bwana mpole mwenye kofia, kumbe ni shemeji yake! Nikamuuliza Eustache, mtu mwenye kompyuta ana shida gani na roneo? Akasema anapenda vitu vya kale.

Mwanzoni nilikasirika. Sasa nacheka. Amenunua jeneza, masikini.

Jumatatu, 2 Agosti

Zephaniah amefika! Skrini ilisafiri ikiwa imeviringishwa katika makoti ya mitumba, imetoka safi kama mtoto mchanga. Niyongabo akaweka vyote mezani. Bodi kuu, mnara, diski, prosesa ndogo kama biskuti. Ndogo hivyo, na imenitesa hivyo! Printa nayo ipo. Majirani wamejaa mlangoni. Nikasimama pembeni kama baba wa bwana harusi.

Niyongabo akanyoosha mkono bila kugeuka. Akasema, kibodi.

Nikasema, kibodi gani?

Nilikuwa nimechagua ubongo, mwili, ghala, meza na mnara. Vidole vitabonyeza wapi, sikufikiria. Zephaniah akaapa kwamba ameleta kila nilichomwagiza, na kibodi, mzee wangu, hukuitaja hata kwa bahati mbaya.

Kigali nzima ni mtu mmoja tu mwenye kibodi ya ziada. Sitaki kuandika jina lake.

Jumatano, 4 Agosti

Redio imesema huko Arusha serikali na wale waliokuwa wakipigana nayo wametia saini mkataba wa amani. Majirani wamepiga vigelegele. Illuminée amelia kwa furaha, nami kidogo. Nikajiambia: kama wale wameweza kukaa meza moja, mimi ni nani nisivuke barabara?

Nimevuka. Nimempa Eustache mkono, nimemwita ndugu yangu. Halafu nikaomba kibodi.

Nilitegemea atakataa, nipate haki ya kumchukia kwa raha zangu. Hakukataa! Amefungua kabati, ametoa ya akiba, ameifuta vumbi kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Neno moja tu: Mzee wa Stensili, usiitwange kama taipureta, haijakukosea.

Nimerudi na kibodi na hasira. Mtu anakunyang'anya hata ugomvi wako!

Ijumaa, 6 Agosti

Imewaka! Mungu asifiwe! Mnara umesimama mezani, nyimbo zinang'aa kwenye skrini hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nimehakikisha: aliye ng'ambo anaziona. Alisimama mlangoni kwake, tai shingoni, akazisoma.

Inakwenda polepole kidogo, kwa sababu ya ile memori. Ukigeuza ukurasa unaweza kusali Salamu Maria nzima kabla haujafika. Mimi naona ni mwendo wa ibada. Ukurasa wa mfano umetoka, beti zote, hata zile ambazo kwaya imezisahau. Tobiti nimemfikisha sura ya tatu.

Sasa pigo la mwisho. Padri amebariki magari, maduka, hata pikipiki ya Eustache. Lakini kompyuta ya Eustache haijabarikiwa! Nimemwomba Padri aibariki yangu Jumapili, papo hapo anapokuja kuamua. Niyongabo alikuwa anafunga ubavu wa mnara, nikamzuia. Watu wauone ubongo. Na baraka ifike mahali penyewe. Akasema, patron, lolote utakalofanya, funika. Kisha akaenda harusini huko Butare. Mafundi wana wasiwasi mwingi.

Jumapili, 8 Agosti

Ee Mungu wangu. Nitaandika polepole.

Walikuja wote. Kwaya nzima, na Eustache nyuma kabisa. Mnara umewashwa, ubavu wazi, feni inavuma. Illuminée akaninong'oneza, Baba Natacha, tuweke kitambaa changu juu. Nikamwambia baraka haichujwi kwa uzi.

Padri mwenyewe alisita. Akauliza kama maji hayataidhuru. Nikajibu kwa sauti, kila mtu asikie: Padri, haya si maji ya bomba! Kwaya ikapiga makofi. Padri akachovya tawi lake, akanyunyiza matone mawili juu ya bati. Matone mawili! Nikakumbuka pikipiki ya Eustache ilivyoloweshwa mpaka kiti. Nikasema, Padri, tafadhali, usiibanie.

Hakuibania.

Paaa! Mwali wa buluu, moshi mweupe, harufu ya nywele zilizoungua. Skrini ikazimika. Kwaya, kwa mazoea, ikaitikia Amina.

Jumatatu, 9 Agosti

Niyongabo amerudi, ameinama juu ya mnara kama daktari. Bodi kuu imekufa. Memori nayo imekufa, ilikuwa ndogo, haikuteseka. Diski ni nzima, skrini ni nzima. Prosesa haijulikani, mpaka ipate mwili mwingine.

Shemeji yangu wa ghala la saruji ameshasikia. Ametuma koti la kazi la ghalani. Limenitosha, hilo ndilo lililoniliza.

Nilikuwa nimelivaa wakati Padri Silvère alipoingia. Amekuja kwa miguu, na Eustache nyuma yake. Padri alikuwa na huzuni kuliko mimi. Mkono ulikuwa wangu, akasema. Nikamwambia mdomo ulikuwa wangu. Halafu akatoa ukurasa wangu wa mfano na ule wa Eustache. Wa Eustache ulikuwa safi, lakini nyimbo zilikuwa na ubeti mmoja mmoja. Eustache hajawahi kuimba kwaya, mengine angeyatoa wapi?

Kisha Eustache akakohoa. Akasema ukitoa utepe wa wino kwenye printa, sindano zake zinatoboa stensili moja kwa moja, vizuri kuliko taipureta. Halafu stensili inakwenda kwenye roneo, na parokia nzima inapata nakala. Ndiyo maana aliinunua! Si vitu vya kale hata kidogo! Nikamuuliza, sasa unangoja nini? Akatazama viatu vyake. Shati lake lilikuwa na wino mpaka kwenye kola. Tangu ainunue, akasema, kila akiizungusha inamtapikia. Haimsikii.

Bila shaka haimsikii. Inataka uivute kidogo kushoto kabla ya kuzungusha. Hilo nalijua mimi tu!

Padri ameamua. Kazi ni ya ofisi zote mbili. Mashine na roneo ni za Eustache, beti na mkono ni vyangu. Sifungi ofisi! Koti nimelirudisha ghalani kabla shemeji hajamaliza chakula cha mchana.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu! Kila mkono kanisani ulikuwa na kijitabu. Eustache alisimama karibu yangu akaimba beti zote, vibaya sana, bila aibu. Nje ya kanisa akawaambia watu, kazi ya Mzee wa Stensili hiyo. Mara hii jina halikuniuma. Tena lina heshima yake, ukilisikiliza vizuri.

Kitambaa cha Illuminée sasa kinafunika roneo. Imependeza.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimejifunza mengi, na moyo wangu umetulia.

Asubuhi nimempelekea Eustache kibodi yake. Akaniambia nikae nayo tu. Nikamwambia sina kazi nayo tena.

Niyongabo amesoma kwenye gazeti kwamba huko ng'ambo imetoka prosesa mpya, kubwa kuliko ya sitini na sita. Na haiitwi kwa namba! Inaitwa Pentium. Nilimwomba alirudie jina mara tatu. Linamalizikia kama Kilatini cha misa za zamani. Hii ni yetu! Hakuna kitabu kinachopungua. Nikamuuliza na memori je? Akaanza tena habari za meza. Nimemwambia ndogo inatosha.

Zephaniah anakwenda Nairobi Alhamisi. Nimemwagiza kila kitu: bodi kuu, prosesa, na mnara wa pili, mrefu zaidi. Illuminée nitampumzisha kwanza.

Kuhusu ajali, nimeichunguza dhamiri yangu bila kujionea huruma, na kosa nimeliona. Ni yale matone mawili. Mashine ilianzishwa kwa kidogo, kisha ikaletewa mengi ghafla, ikashtuka. Basi safari hii nitamwalika Askofu mwenyewe.

Askofu hataibania tangu mwanzo.