Mti wa Baba na Zamu ya Maji

Jumatatu, 20 Julai 2026

Asubuhi nimekwenda kukagua bustani ya kumbukumbu. Inafunguliwa Jumamosi, Siku ya Mashujaa. Kila mzee wa kitongoji chetu hapa Kilema aliyepigana Vita vya Kagera amepanda mti wake, na wale ambao hawakurudi wamepandiwa. Mringaringa wa baba yangu, Mzee Denis, umenyauka. Majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Wa jirani yetu Mzee Isack uko kando ya mfereji, unang'aa. Mwanawe Tito alikuwa anaupiga picha. Akaniambia nisijali, mti mdogo nao una uzuri wake. Mchana nimeshindwa hata kumaliza ndizi zangu za machalari.

Jumanne, 21 Julai

Nimekwenda kwa Mama Yuditha, mwenyekiti wa kitongoji. Nikamweleza kwamba kwa sababu za kitaalamu mti wa baba uhamishiwe karibu na maji. Akauliza sababu zipi. Sikuwa nimeziandaa. Akasema baba mwenyewe ndiye aliyechagua pale pakavu.

Jioni nikamuuliza baba. Alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba. Akasema pale ndipo ulipo mti wa Jesse. Waliondoka Kilema pamoja, akarudi mmoja.

"Tulilala handaki moja," akasema. "Leo nimkimbie kwa ajili ya maji?"

Baba huwa haongei mambo haya. Nilijivunia kuwa mwanawe. Halafu nikapata wazo. Kama mti hauwezi kuyafuata maji, maji yataufuata mti.

Alhamisi, 23 Julai

Zamu ya maji leo ilikuwa ya Tito. Nikamtangulia asubuhi na mapema, nikafungua mfereji juu ya bustani na kuchimba njia mpaka kwenye mti wa baba. Kazi safi. Maji yakatembea kwa adabu. Nikarudi nyumbani kunywa chai wakati mti unashiba. Mke wangu Hilda akaomba nimshikie ndama apewe dawa. Ndama akakataa dawa. Tukamfukuza kihamba kizima, kati ya migomba na kahawa. Maji nikayasahau.

Mchana Tito akaja. Aliuliza kwa nini migomba yake haijapata hata tone, na kwa nini bustani ya mashujaa imekuwa bwawa. Nikasema huenda ni mvua ya mlimani. Anga lilikuwa jeupe.

Tukaenda kuangalia. Tope kila mahali. Vibao vya majina vimelala kifudifudi. Mti wa baba umesimama, umeshiba. Mti wa Jesse umeng'oka, mizizi juu.

Ijumaa, 24 Julai

Wazee wamekuja wote na majembe. Jembe langu lilikuwa bado limeegemea pale nilipofungulia maji. Baba akalitazama, akanitazama, akanikabidhi. Afadhali angenitukana.

Kisha akapanda kwenye ukingo na kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu. "Kombania, jipange!"

Wazee wenye magoti mabovu wakanyoosha migongo. Mzee Isack akaweka fimbo yake chini. Wakajigawa bila mabishano, hawa tope, hawa mawe, hawa vibao. Mimi na Tito tukapewa karai moja, tubebe pamoja. Tito alikuwa anavuta upande wake makusudi. Mama Yuditha akaleta uji, akasema hajawahi kuona kikao cha kitongoji kikienda haraka namna hii.

Mti wa Jesse baba aliupanda mwenyewe, amepiga magoti kwenye tope. Akaniita niunyooshe.

"Mshike vizuri," akasema.

Hakusema "ushike". Alisema "mshike". Nikamshika kwa mikono miwili mpaka udongo ukashindiliwa.

Jumamosi, 25 Julai

Bustani imefunguliwa. Watu wamejaa mpaka barabarani, Wakatoliki na Walutheri pamoja. Majina yakasomwa, na kila mzee akaitika lake. Likaja la Jesse. Baba akapiga hatua mbele, akapiga saluti mbele ya ule mti, akaitika, "Yupo, afande."

Mzee Isack akapangusa macho. Tito pia. Mimi nilikuwa na mafua.

Baadaye mgeni rasmi akamuuliza baba huyu kijana ni nani. Nina miaka arobaini na mitatu. Baba akaniwekea mkono begani. Akasema, "Ni mwanangu Rogath. Yeye ndiye aliyeigharikisha bustani. Halafu akabeba tope mpaka mwisho."

Watu wakacheka. Wacheke. Baba yangu amenitaja kwa jina mbele ya mgeni rasmi na kombania nzima.

Jumapili, 26 Julai

Nimemwomba Tito msamaha kwa maji yake, nikampelekea jani la isale, ishara yetu ya kuomba radhi, kama inavyotakiwa. Akalipokea. Tukapeana mikono. Nimemwahidi sitagusa tena mfereji, na ahadi hiyo nitaitimiza.

Baada ya misa nikapita bustanini. Tito ameweka benchi chini ya mti wa baba yake. Zuri, lakini halina egemeo. La baba yangu litakuwa na egemeo, na mahali pa kuwekea mikono. Mbao si tatizo. Nyuma ya kanisa kuna mgrevilea mmoja mnyoofu sana ambao naona hauna kazi maalumu. Padri amesafiri mpaka Jumatano.