Hatua Thelathini Chini ya Kilele

Jumatatu, 1 Julai 1974. Igamba.
Kikao cha darasa la elimu ya watu wazima. Tumekubaliana kupandisha bendera juu ya mlima mrefu siku ya Saba Saba. Lori la kahawa linakwenda Mbeya Jumamosi na kurudi Jumatatu, kwa hiyo mlima ni mmoja tu. Upi? Mbonile, mwenyekiti wetu wa kijiji, akasema Rungwe, ndio mrefu zaidi. Akaongeza kwamba bendera ataipandisha yeye. Yeye! Mtu niliyemshika mkono kumwonyesha herufi A! Nimefundisha jiografia miaka thelathini. Bendera hiyo ni yangu.

Jumanne, 2 Julai.
Njia imepatikana. Mama mkwe wa Mbonile anaishi chini ya Mlima Mbeya, pembeni kabisa ya njia ya kupandia. Nieleze, endapo wajukuu watasoma daftari hili: huku kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake. Akimwona njiani, huingia porini mpaka apite. Hata jina lake halitaji. Basi tukichagua Mlima Mbeya, Mbonile ataingia porini asubuhi na kubaki humo, na bendera itahitaji mkono mwingine. Simchukii. Natumia ramani tu.

Jumatano, 3 Julai.
Nimeshinda! Nilichora milima yote miwili ubaoni. Kwamba Rungwe ni mrefu zaidi, hilo nalijua sana, ndiyo maana sikuandika vipimo. Badala yake nilieleza ukungu wa Rungwe, mvua ya Rungwe, siafu wa Rungwe. Saa mbili nzima. Wazee kadhaa walisinzia. Walioamka wakapigia kura Mlima Mbeya ili waende nyumbani. Mbonile hakubisha. Alitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Alhamisi, 4 Julai.
Barua kutoka darasa la Ruanda, kijiji kilichoko njiani kwenda Mbeya. Wanaomba kupanda lori letu, nao watatuletea kiongozi wa njia: mama mmoja mtu mzima, aliyezaliwa chini ya mlima ule na kuujua kila jiwe. Nimejibu kwa heshima zote. Mama huyo atakaa mbele, ubavuni pangu. Mke wangu Elizabeti, ambaye kwao ni hukohuko Ruanda, akaniuliza kama nimeulizia jina la huyo mama. Nikamwambia kiongozi hashughuliki na vitu vidogovidogo. Akacheka mpaka akaketi chini. Nimeudhika.

Jumamosi, 6 Julai. Chini ya mlima.
Fedheha! Lori liliposimama Ruanda, nilishuka mwenyewe kumfungulia mgeni mlango. Naona fimbo. Naona kanga. Naona mama mkwe! Mama mzazi wa Elizabeti! Niliruka mtaro na kuzama kwenye mibuni ya watu. Naye akajifunika kanga usoni na kugeuka. Hamis, dereva wetu, ni mtu wa pwani aliyetoka mbali, mila zetu hazijui. Akapiga honi na kuuliza kwa sauti kama Mwalimu anaharisha. Lori zima likacheka. Mimi nikasafiri nyuma, juu ya magunia, nikitazama tulikotoka.

Nilijiliwaza kwamba Mbonile naye yatamkuta. Tulipofika, mama mkwe wake akatoka nje. Wakashikana mikono! Wakala ugali sahani moja! Nikamwuliza kwa ukali adabu yake iko wapi. Akanijibu, “Mwalimu, mimi nilipeleka jembe na kuku mwaka wa pili wa ndoa. Akanipikia, akanilisha, yakaisha. Kumbe wewe bado?”

Bado. Ni kweli kwamba mila yenyewe imeweka njia hiyo ya kumfungua mkwe. Lakini mwaka 1947 nilimwandikia baba mkwe barua ya kurasa nne, nikimfafanulia kwamba mambo ya jembe na kuku yamepitwa na wakati. Hakujibu. Kujificha sikuacha, kwa kuwa hayo ni malezi.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba.
Mama wa miaka sabini na zaidi anapanda kama mbuzi! Yeye mbele na msafara wote, mimi nyuma kona moja, peke yangu. Akipumzika, nami nasimama kwenye majani yenye umande.

Kwenye kibanda cha mwisho alimtuma Mbonile kwangu. Mwenye kibanda ana kuku wa kuuza. Jembe litangoja, kuku anatosha. Atanilisha kiazi palepale, tupande pamoja kama watu. Nikajibu kwamba suala la msingi halimalizwi njiani. Mbonile akasema, “Mwalimu, ni kuku mmoja!” Nikaanza kumweleza. Aliondoka nikiwa kwenye sababu ya tatu.

Kilele ni kidogo kama ua wa nyumba, na hakina kichaka hata kimoja. Yeye akiwa pale, mimi siwezi kukanyaga. Nikakaa nyuma ya jiwe, hatua thelathini chini. Nimezihesabu. Nikamsikia Mbonile akitangaza kwamba bendera ipandishwe na mkubwa kuliko wote, mama yetu wa Ruanda. Vigelegele! Wakaimba wimbo wa taifa. Nikasimama wima nyuma ya jiwe langu na kuimba nao.

Kisha nikangoja ashuke ili angalau nifike. Hakushuka! Alikula viazi. Aliwaonyesha watu bonde alikozaliwa, mto mmoja mmoja, akieleza kwa kirefu. Sivumilii mtu anayeeleza kwa kirefu. Zikapita saa mbili. Jua likaanza kuinama, wakaanza kuteremka kuja upande wangu, na mimi nikalazimika kukimbia mbele yao mpaka chini. Hamis alinipongeza kwa kuwa wa kwanza.

Jumanne, 9 Julai. Igamba.
Magoti yamevimba. Elizabeti akanikanda kwa maji ya moto, akauliza kwa upole, “Baba Fides, sasa tumpelekee mama kuku?” Nikamfafanulia kwamba kuku hakuhusika. Kosa lilikuwa la mlima. Akaniambia mama ameleta salamu, amefurahi mno, na mwakani anataka Rungwe. Mwakani!

Nimefunua ramani ya nchi nzima mezani. Barua yangu kwa kamati imefika ukurasa wa tano. Napendekeza Kilimanjaro. Kule hana ndugu hata mmoja.