Kazi Mpya ya Malkia

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu Nadine amesema lake: Jumamosi zizi liwe tupu, la sivyo Malkia aende mnadani, ambako wanunuzi wa nyama hawaulizi jina. Malkia wangu! Farasi wa mwisho wa maonyesho niliyebaki naye. Mashabiki wamepungua, sawa. Nitamtafutia soko jipya. Kwani lazima utepe wa ushindi?

Jumatano, 5 Machi
Nimemjaribu kuchunga ng'ombe. Ng'ombe walikimbilia mtoni, Malkia akapita mbele ya uzio kwa madaha. Jirani yangu Burl, mfuga nyumbu wa kukokota mizigo, alikuwepo. Bila shaka! "Vernon, huyo mvishe gauni umwoze!"

Alhamisi, 6 Machi
Mazishi! Nilikuwa wapi siku zote? Mzee Combs amefariki, na mkewe, Bibi Odessa, anataka jeneza livutwe kizamani, kwa mkokoteni. Burl alishaahidi nyumbu. Nikamuuliza bibi, kweli marehemu asindikizwe na nyumbu? Akaghairi. Malkia akimfurahisha atamchukua kabisa, malisho anayo. Nadine akauliza kama nimefikiria kinanda cha kanisa. Nikamwambia asiniletee nuksi.

Ijumaa, 7 Machi
Kinanda! Kwenye maonyesho yetu, kinanda kikilia ndipo farasi hujionyesha. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Wimbo ulipoanza, Malkia akainua shingo, magoti karibu yaguse kidevu, akaondoka na marehemu. Tukayazunguka makaburi, mimi nimening'inia kwenye hatamu. Mpumbavu mmoja akapiga makofi kwa mazoea. Malkia akaongeza mwendo! Kinanda kilipokoma, akaja katikati, akasimama wima mbele ya mchungaji, akingoja utepe.

Burl alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nilitamani kaburi linimeze mimi.

Bibi Odessa akasogea. Nikafumba macho. Akasema mzee wake hakuwahi kuondoka uwanjani kabla ya utepe kutolewa, na leo pia asingekubali. Akafungua utepe wa shada la maua, akamfunga Malkia kichwani, akisema, "Huyu haondoki kwangu." Nimelia mbele ya Burl, na sijali.

Jumamosi, 8 Machi
Zizi tupu! Nadine kanipikia mchuzi wa soseji, kanibusu hadharani.

Basi soko ndilo hilo: mazishi. Burl na nyumbu wake watajiju. Mchana nimepita mnadani, kuangalia tu.

Nimerudi na farasi watatu. Nadine bado hajafungua zizi akawaona. Shida moja tu, mtaani wote wazima. Jioni nimemjulia hali Burl. Ana kikohozi kidogo.