Kadi Arobaini na Mbili za Madam Kinanu

Jumatatu, 2 Julai 1984

Msiba! Barua ya uhamisho wa Madam Kinanu imefika. Anarudi kwao Meru. Hedimasta amesema hatatia sahihi mpaka Madam akabidhi maabara Ijumaa, kila kitu kikiwa sawa, hasa zile molekuli za mfano za kufundishia. Ziko arobaini na mbili. Nilizitengeneza mwenyewe, mimi Jarso, fundi wa maabara, kwa makoma, yale matunda magumu ya mikoma ya kule mtoni, na spoku za baiskeli. Kila moja ina kadi iliyofungwa kwa uzi: jina, uzito, joto la kuchemkia, harufu.

Madam akitaka kadi zibadilishwe, hasemi. Ananiandikia mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi. Kwanza molekuli gani, kisha sehemu gani ya kadi, kisha nifanye nini. "ZOTE – harufu – futa." Basi nazipitia zote, nafuta. Miaka miwili sasa! Vipande vyote ninavyo nyumbani Chechelesi, ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuniandikia.

Nimepata wazo. Kadi zikiwa na makosa, hawezi kukabidhi. Asipokabidhi, haendi. Nimeanza na maji. Kadi ilisema yanachemka kwa nyuzi 100, nimeandika 96. Kosa dogo, la adabu.

Jumanne, 3 Julai

Ajabu! Madam ameliona kosa mbele ya Kidato cha Tatu. Nikajikunyata nyuma ya kabati. Akabandika maji kwenye stovu, akatia themometa. Yakatokota. 96! Akawaeleza wanafunzi kwamba Isiolo iko juu kuliko bahari, na maji ya huku hayangoji kufika mia. Akasema Bwana Jarso ameliona hilo kabla yake. Bwana Jarso! Alilitaja jina langu mara mbili. Nilihesabu.

Mbae alikuwa mlangoni. Huyu ni mwalimu wa hesabu, mwenye pikapu ya kuazima, na ndiye atakayembebea Madam mizigo. Hakutajwa hata mara moja.

Mstari wa leo: "MAJI – kuchemka – 96 – ongeza: hapa Isiolo." Nimeusoma njiani mpaka nikagongana na mbuzi.

Jumatano, 4 Julai

Sasa fikiria. Kadi moja imemfurahisha hivyo. Je, arobaini na mbili?

Walimu walipokwenda kula githeri, nilijifungia maabara. Nikapunguza nne kila mahali. Kwa wino. Sikuteua sehemu, nilikuwa na haraka. Kila namba niliyoiona niliipunguza nne. Kazi safi!

Nimemwambia mama kwamba Madam huenda asiondoke. Mama akanijibu kwamba mwanamke aliyekwisha kufunga masanduku kwa kamba hatafuti mume. Wazee hawaelewi sayansi.

Alhamisi, 5 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipunguza na uzito pia. Haidrojeni ilikuwa na uzito wa 2. Sasa ina hasi 2. Mbae alicheka mpaka chaki ikamtoka mkononi. Akauliza kama tuifunge kwa kamba isije ikapaa hadi Marsabit.

Madam hakucheka. Alisema tu kwamba alidhani naelewa ninachokifanya. Kisha akaketi kwenye stuli na kufunika macho. Hedimasta ameahirisha makabidhiano hadi Jumatatu, kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Nilikuwa karibu kushangilia. Ndipo Madam akasema kwamba bintiye wa miaka minne yuko kwa bibi yake Meru, kwamba humwona mara moja kwa mwezi, na safari iliyopita mtoto alimwita shangazi. Alikuwa amemtumia ujumbe kwamba anafika Ijumaa.

Kumbe si mimi peke yangu ninayemtamani mtu.

Jumamosi, 7 Julai

Tumeshinda maabara wawili tu, mlango wazi, tukirekebisha. Mama alitutumia chai ya maziwa ya ngamia kwenye themosi, ingawa kwa ukame huu maziwa ni ya kutafutwa. Madam alikunywa vikombe viwili. Aliandika mstari, mimi nikatengeneza kadi, akaandika mwingine. Kiwiko chake kilikuwa hapa, changu hapa. Nilitamani molekuli ziwe elfu moja.

Ilipobaki kadi ya amonia pekee, kalamu ya wino ilikuwa mkononi mwangu. Tarakimu moja tu, naye angebaki mpaka Jumatano! Nikamkumbuka yule mtoto. Nikaandika sawasawa. Mungu shahidi wangu.

Jumatatu, 9 Julai

Ameondoka. Hedimasta alitia sahihi saa nne. Nilibeba sanduku lake hadi kwenye pikapu, na Mbae akaniambia niliweke taratibu. Madam alinipa mkono, akanishukuru kwa yote. Kisha akanikabidhi kipande cha karatasi. Sikukifungua mpaka vumbi likatulia.

"ZOTE – usiguse."

Maabara ni kubwa mno leo. Nimekaa kwenye stuli yake. Namkosa, basi, sina neno jingine.

Jumatatu, 16 Julai

Mbae amepewa kufundisha kemia. Haandiki mistari. Anapiga kelele tu.

Nimeheshimu neno la Madam wiki nzima. Sijagusa kadi hata moja.

Leo nimegusa moja. Maji. Nimefuta 96, nikaandika 69. Nimeitia kadi ndani ya bahasha, nikaandika anwani ya Meru, nikamwandikia kwa heshima zote kwamba kuna tatizo maabara na ninaomba mstari mmoja wa kurekebisha. Nimeiposti mwenyewe.

Bado kuna kadi arobaini na moja.