Darasa la Kwanza Litazidisha

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Mwalimu wa Darasa la Tatu kahamishiwa Bunda. Nafasi iko wazi. Darasa la Tatu ndiko wanakozidisha. Mwalimu wake husalimiwa kwa heshima hadi sokoni Butiama. Mimi nimezeekea Darasa la Kwanza, kwenye vijiti vya kuhesabia. Mwalimu Mkuu Burito atasikiliza madarasa Ijumaa, kisha ataamua. Mpinzani ni mmoja: Mwalimu Tereza wa Darasa la Pili. Mke wangu.

Mpango: watoto wangu watazidisha. Kuhesabu, kujumlisha, kutoa, hizo ni ngazi za wenye miguu mifupi. Tutaruka.

Jumanne, 4 Septemba

Jedwali la tatu linaimbika. Mwanafunzi wangu Wanzagi ana sauti ya kwaya. Jikoni Tereza akauliza kama wanaelewa. Nikamkumbusha kwamba misa tuliitikia kwa Kilatini bila kuelewa, na Mungu alipokea. Akanipakulia ugali wa muhogo bila neno. Dalili ya kushindwa.

Jumatano, 5 Septemba

Wanafunzi wa Tereza wanafunga vijiti kumi kumi, kisha wanafungua fungu wanapotoa. Vijiti havikumtosha. Nikampa vyangu vyote. Mzidishaji hahitaji kuni.

Ijumaa, 7 Septemba

Waliimba. Mkuu akapigapiga mguu kufuata mahadhi. Ningenyamaza hapo. Lakini nikataka aone kwamba wanaelewa, nikamuuliza mwanafunzi Nyamburi: kwenu kuna mazizi matatu, kila zizi ng'ombe wanne, jumla wangapi? Akanitazama kama nimemwambia achome boma.

"Mwalimu, ng'ombe kwetu hawahesabiwagi. Wala watoto. Ukihesabu wanapungua."

Darasa zima likaitikia. Mkuu pia, mwana wa mfugaji. Mimi ni wa Mugango, kwa wavuvi wa ziwani. Kwetu sato huhesabiwa mchana kweupe. Nikauliza, sasa akipotea mmoja mnajuaje? Akasema wanamwona hayupo. Akaanza kuwataja kwa majina, na rangi zao.

Mkuu akamgeukia Wanzagi: tatu mara saba? Wanzagi akaanzia tatu mara moja, akaipita saba akiimba, akafika kumi, akainamisha kichwa kama mbele ya altare. Basi ahesabu vijiti saba tu, Mkuu akaomba. Vijiti viko Darasa la Pili.

Darasa la Tatu kapewa Tereza.

Jioni kaniwekea kichwa cha sato, sehemu anayoipenda yeye. Akasema, "Baba Felisian, watoto hao watanifikia siku moja. Wewe nifundishie kuhesabu, kuzidisha niachie mimi." Nilikula kwa huzuni. Kichwa kilikuwa kitamu.

Jumatatu, 10 Septemba

Sasa Darasa la Pili halina mwalimu! Mkuu atasikiliza tena Ijumaa. Mpango: watoto wangu watagawanya. Tereza amevirudisha vijiti, vimefungwa vizuri; nimempa mpishi wa uji viwe kuni. Ng'ombe sitawagusa tena, hilo nimelielewa. Safari hii mfano ni wa nyumbani kabisa. Nitaanza na Nyamburi: kwenu mko watoto wangapi?